Msimamizi yuko shambani, wewe uko kwenye simu: maswali ya wasomaji

Wengi wanaotuandikia wanaishi Dar na kulima kwingine: Mkuranga, Kisarawe, Bagamoyo, Handeni, Gairo. Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu pesa. Bei tulizotumia ni za mfano tu. Toa tarakimu zetu, weka zako, hesabu inabaki ile ile.

Nina mahindi gunia 40 Handeni. Dalali anatoa 500 kwa kilo. Msimamizi ananiambia nifungie mpaka Januari. Nimsikilize? (Msomaji, Mbagala Rangi Tatu)

Msikilize nusu. Bei kupanda kati ya mavuno na Januari ni jambo la kawaida, lakini mahindi yakikaa stoo yanakula pesa, na mlaji wa kwanza haonekani: ni maji. Mahindi yenye unyevu wa asilimia 16 yakikaushwa hadi 13, gunia la kilo 100 linabaki kilo 96 na nusu. Usimgombeze msimamizi, hajaiba.

Sasa chukua gunia moja. Leo lina thamani ya 50,000. Mfuko wa kuhifadhia tuseme ni 5,500, na ukitunzwa unatumika misimu miwili, kwa hiyo andika 2,750. Stoo na ulinzi, 1,000 kwa mwezi kwa miezi mitano. Jumla 57,750. Gawanya kwa kilo 96.5 zilizobaki, unapata karibu 600 kwa kilo. Januari bei ikiwa 600, umerudi ulipo leo, na usingizi umeukosa bure.

Hapo dumuzi hajatajwa. Mdudu huyu, ambaye sehemu nyingi wanamwita Scania, asili yake ni Amerika ya Kati na huku alianza kuonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwenye salfeti ya kawaida anaweza kumaliza hata theluthi ya uzito ndani ya miezi mitatu hadi sita. Kwa hiyo kama unafungia, fungia kwenye mifuko ya tabaka tatu, ile ya PICS au ya aina yake: mifuko miwili ya nailoni ndani, salfeti nje. Haihitaji sumu. Wadudu wanavuta hewa iliyomo mpaka inawaishia, wanakufa.

Mambo yanayoharibika ni yale yale kila mwaka. La kwanza ni unyevu. Mwambie msimamizi achukue chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, aweke chumvi iliyoanikwa juani vijiko viwili na mahindi ya kufika robo ya chupa, atikise dakika mbili tatu, kisha aiache robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yako juu ya asilimia 15. Isiponata, yako chini ya hapo, ila bado yanataka siku moja au mbili zaidi juani, juu ya turubai na si juu ya udongo, ili yashuke hadi 13. Ukifungia mahindi mabichi kwenye mfuko usiopitisha hewa, unayavundisha na unakaribisha sumu kuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. La pili ni tundu. Kila mfuko wa ndani upulizwe, ukunjwe mdomo na kukandamizwa. Ukitoa upepo, uwekwe kando. La tatu ni msimamizi anayefungua kila wiki "kukagua". Kila akifungua anawapa wadudu hewa mpya. Ajaze, aache nafasi ya kusokota juu, akamue hewa, asokote mdomo, aukunje na kuufunga kwa mpira, mfuko wa pili vivyo hivyo, halafu usiguswe kwa miezi miwili. Mifuko ikae juu ya vichanja, mbali na ukuta, kwa sababu panya akitoboa kazi yote imekwisha.

Kwa nini nusu na si yote? Juni 2017 serikali ilizuia mahindi kwenda nje, bei ikaporomoka, na waliokuwa wamefungia kila kitu walibaki wakitazama magunia. Uza 15 sasa, 15 Novemba au Desemba, 10 zibaki. Na kama pesa ya kulimia ulikopa kwenye kikoba, soma jibu linalofuata kabla hujanunua hata mfuko mmoja.

Kikoba chetu kinatoza asilimia 10 kwa mwezi. Nataka kukopa Februari ninunulie mbolea ya eka 3 za masika, nilipe Agosti. Au niache mbolea kabisa? (Dada wa Tabata)

Mbolea usiiache. Tani moja ya punje za mahindi inaondoka shambani na takriban kilo 15 za naitrojeni. Ukivuna tani 4, umebeba kilo 60, sawa na mifuko miwili na nusu ya urea, kutoka kwenye udongo ambao haukukudai risiti. Miaka mitatu ya namna hiyo kwenye ardhi ya kichanga, mavuno yanashuka nusu na watu wanasema "mvua zimebadilika".

Tatizo ni riba. Kwa eka moja unahitaji mfuko mmoja wa DAP wa kupandia na mmoja wa urea wa kukuzia. Tuseme kila mmoja ni 70,000, jumla 140,000. Ndani yake mna kilo 32 za naitrojeni. Kwa matunzo mazuri, kila kilo inakuongezea mahindi kama kilo 15, kwa hiyo kilo 480. Kwa bei ya mavuno ya 500 ni 240,000. Toa mbolea, umebaki na 100,000. Riba ya asilimia 10 kwa miezi sita juu ya 140,000 ni 84,000. Umelima msimu mzima kwa 16,000, na wiki mbili za jua kali mwezi Aprili zinaichukua hiyo pia.

Fanya hivi. Februari kopa ya DAP peke yake. Ya urea ichukue mwanzoni mwa Aprili, mahindi yakiwa yamefika magotini na mvua umeiona kwa macho. Riba ya DAP kwa miezi sita ni 42,000, ya urea kwa miezi minne ni 28,000, jumla 70,000. Umeokoa 14,000 kwa eka. Kubwa zaidi, mvua ikigoma, mkopo wa pili hukuuchukua. Kisha zungumza na wenzako kikundini kuhusu mkopo wa msimu: marejesho mara moja siku ya mavuno, riba ya chini. Marejesho ya kila wiki yanamfaa muuza chipsi. Mahindi hayalipi kila wiki. Ni kweli sehemu ya riba inarudi kwenye gawio la mwisho wa mwaka, lakini unagawana na ambao hawakukopa.

Kama mko kikundi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu, ulizeni ofisa maendeleo ya jamii kuhusu mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Haina riba, na ilirejeshwa mwaka 2024 baada ya kusimamishwa 2023. Bei ya ruzuku ya mbolea nayo inataka uwe umesajiliwa kama mkulima kule kijijini liliko shamba. Msiende dukani Februari ndipo mkumbuke.

Kuhusu kipimo: ukipanda 75 kwa 60, mimea miwili kila shimo, eka moja ina mashimo karibu 9,000. Kifuniko kimoja cha soda ni takriban gramu 5, jumla kilo 45, yaani karibu mfuko mmoja. Urea ifukiwe sentimita 5 chini, mbali kidogo na shina. Ikimwagwa juu, sehemu yake inapaa hewani na harufu yake utaisikia.

Mnunuzi wa viazi vitamu Gairo hakubali gunia bila "kofia". Tukikataa anaenda kwa jirani. (Kikundi cha wakulima, kwa simu)

Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake, hiyo "kofia", ni kosa kisheria, gunia la mazao halipaswi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo ndio wenye kazi hiyo. Ila jueni kwa nini mnunuzi anaing'ang'ania: gari, kupakia na kushusha anavilipa kwa gunia, si kwa kilo. Kila kilo iliyo kwenye kofia inasafiri bure mpaka sokoni Dar. Nunueni mzani mmoja wa kuning'iniza kwa kuchangishana, na bei mtaje kwa kilo. Gunia la kilo 130 likilipwa kama 100, kwa bei ya 300 umempa mtu 9,000. Na mkubaliane na huyo jirani kabla gari halijafika, maana bila yeye mzani hausaidii kitu.

Muhogo wangu Mkuranga una majani mazuri, lakini ukikatwa ndani una madoa ya kahawia makavu. Mnunuzi kauacha shambani. (Msomaji, Kigamboni)

Hiyo ni michirizi kahawia. Tofauti na batobato, ambayo jani lenyewe linakushtaki, hii inaweza kukaa kimya mpaka siku ya kung'oa. Ni virusi, dawa haina. Inaenezwa na inzi weupe, na zaidi na sisi wenyewe kwa kupeana pingili. Shamba hilo usichukue mbegu hata mti mmoja. Vuna mapema, miezi 9 au 10, kwa sababu madoa yanaongezeka kadiri muhogo unavyokaa ardhini.

Kwa msimu ujao nunua pingili kwa mzalishaji aliyekaguliwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Ulizia aina za Kiroba, Chereko au Mkuranga 1, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kibaha hakiko mbali. Kwa nafasi ya mita 1 kwa 1 eka inataka pingili 4,000, kila moja sentimita 25 hadi 30 yenye macho matano hadi saba.

Na usingʼoe kabla mnunuzi hajalipa angalau nauli ya gari. Muhogo mbichi una siku mbili au tatu tu. Ukifikiria makopa, kilo 3 hadi 4 za mbichi zinatoa kilo 1 kavu, kwa hiyo bei ya kavu isipofika mara nne ya mbichi, na kazi ya kumenya juu yake, uza mbichi.

Nataka mboga eka moja Bagamoyo. Pampu ya petroli au sola? (Msomaji, Tegeta)

Kabla ya pampu, pima maji. Pwani visima vingi vina chumvi, na maabara ikikupa kipimo cha EC, kinachoonyesha chumvi iliyomo majini kwa dS/m, linganisha: nyanya zinavumilia hadi kama 1.7, vitunguu 0.8, maharage 0.7. Juu ya hapo mavuno yanaanza kupungua hata ukimwagilia vizuri. Kisima kilicho karibu na bahari kikivutwa kwa nguvu, chumvi inaongezeka. Vuta polepole, saa nyingi.

Pili, kina. Pampu ya petroli iliyo juu ya ardhi haivuti maji yaliyo chini zaidi ya mita 7 hivi, hata fundi akuapie. Maji yakiwa mita 20, unahitaji pampu ya kuzamisha. Eka moja wakati wa jua inakunywa takriban lita 20,000 kwa siku. Kuzipandisha mita 20 kunataka paneli za wati 600 hadi 700. Kwa matone, mahitaji yanapungua sana.

Kama maji yako mita 5, hesabu inabadilika. Petroli lita 2 kwa siku, siku 25, lita 50 kwa mwezi. Kwa 3,000 kwa lita ni 150,000. Sola ya 2,400,000 inajilipa kwa miezi 16 ya kumwagilia. Ukilima mboga miezi sita kwa mwaka, ni chini ya miaka mitatu, nunua sola. Ukilima miezi miwili tu ya kuelekea Ramadhani, ni miaka minane, baki na petroli. Paneli ziwe za kushushwa na kulala ndani. Zile za juu ya nguzo porini zina wenyewe usiku.

Wachoma mkaa wananipa 1,500,000 wafyeke pori langu la eka 20 Kisarawe. Halafu nipande korosho. (Mzee wa Gongo la Mboto)

Shikamoo mzee. Hiyo ni 75,000 kwa eka, mara moja tu, na kibali cha kuvuna kitadaiwa kwako mwenye ardhi, kwa hiyo anza kwa ofisa misitu wa wilaya. Kule Kilosa vijiji viligawa misitu yao katika vitalu vya mita 50 kwa 50 vinavyovunwa kwa zamu kwa miaka 24. Shina linakatwa juu kidogo ya ardhi, halichimbuliwi, linachipua tena. Eka zako 20 ni vitalu 32 hivi, kimoja au viwili kwa mwaka.

Korosho panda, lakini si eka zote kwa mpigo. Kwa mita 12 kwa 12 eka inabeba miche 28, na mazao ya kwanza ni kama mwaka wa tatu. Pori lililofyekwa lote litarudi na magugu mwaka wa kwanza, na palizi ya eka 20 itakula hiyo milioni na nusu kabla korosho haijaota ua. Anza na eka 4, kati ya mistari weka kunde au muhogo safi, pori lililobaki liache lisimame.