Hesabuni Miguu Kwanza: Barua kwa Waamuzi Wetu Wapya wa Modeli za Dizeli

Jumamosi iliyopita nilikaa benchi la nyuma pale Jinja, kikombe cha chai mkononi, nikiwatazama waamuzi wapya wanne wakizunguka modeli ya injini ya treni ya klasi 93. Rangi ilikuwa safi, stika zimelala bila povu, hata wipa za dirisha zilikuwepo. Mmoja akasema, "Hii ni kali." Mwingine akaitikia. Wakaandika 23 kati ya 25 kwenye ulinganifu, yaani jinsi modeli inavyofanana na mashine ya kweli.

Modeli ile ilikuwa na ekseli nane. Klasi 93 ni ya General Electric (GE) ya Marekani, ni Co-Co, maana yake ina ekseli sita, tatu mbele na tatu nyuma. Nilimeza chai yote kwa mkupuo, ikaniunguza hadi tumboni.

Sikusema kitu siku ile kwa sababu mjenzi alikuwa na mama yake. Lakini nyinyi wanne mnajijua, na haya ni yenu. Wengine waliotaka kuanza uamuzi mwaka huu wasome pia, itatupunguzia vikao.

1. Geji, upana kati ya reli mbili. Mnaijua, lakini nitaisema. Reli yetu ya zamani ni ya mita moja; kwa modeli ya 1:87, mita moja gawa kwa 87 unapata mm 11.49. Reli ya mm 12 iko karibu, kwa hiyo msimkate mtu pointi hapo, sote tumo humo. Ila anayeweka injini ya EAR (Reli ya Afrika Mashariki) ya 1:87 juu ya mm 16.5 amejenga SGR bila mkopo wa Wachina. Mwenye 1:64 juu ya hiyohiyo 16.5 anapata mm 1056 za kweli, karibu na mita moja, huyo mwacheni apite.

2. Anzeni chini, mpande juu. Macho ya binadamu hukimbilia rangi, kisha namba, kisha uso wa kebini. Magurudumu huangaliwa mwisho, wakati mtu ameshapenda. Na ukishapenda, umekwisha.

Nalijua hili kwa kuumia. Mwaka 2009 nilijenga klasi 90, ile English Electric ya 1960 ambayo baadaye waliiita 87. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja Nsambya, umeme unakuja unapotaka, nikikata karatasi za plastiki kwa wembe juu ya meza ileile ya kulia chakula. Miezi saba. Nilikuwa na picha moja nzuri niliyoibandika ukutani juu ya kitanda, ikawa kitu cha kwanza nikiamka na cha mwisho nikizima taa. Boneti, milango, vishikio, kila kitu nilikipima kutoka picha ile. Bogi (nasema bogi za fundi, fremu za magurudumu zinazogeuka chini ya injini, si zile abiria wanazopanda) nilitumiwa na binamu yangu aliye nje: mbili, za ekseli tatu tatu, zinazunguka kama siagi. Nilizifunga chini, zikaenea vizuri, nikasema Mungu ananipenda.

Nilipomaliza nikaifunga kwenye kitambaa nikampelekea mzee mmoja jirani, dereva mstaafu aliyeendesha mashine hizo tangu enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Nilitaka anisifu, tusidanganyane. Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza taratibu, akaanza kuhesabu kwa ukucha wa kidole gumba. Moja, mbili, tatu. Nne, tano, sita. Akarudia. Kisha akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayetazama kuku aliyenyonyolewa.

"Kijana, mbona umeikata miguu?"

Klasi 90 ni 1-Co-Co-1. Kila bogi ina ekseli tatu zenye mota na moja ndogo ya kutangulia, haina mota, kazi yake ni kubeba tu. Mzee alinieleza kwa vijiti vya kiberiti: uzito uleule, ukiugawa sawasawa kwa nane badala ya sita, kila ekseli inapungukiwa robo ya mzigo. Reli zetu zilikuwa nyepesi. Bila miguu ile, injini nzito namna hiyo ingezichakaza kabla ya wakati wake. Kwa hiyo nilichosahau si pambo. Nilisahau sababu ya mashine yenyewe kuwa na umbo lile.

Nikajitetea. Nikamwambia, mzee, kwenye picha hazionekani, kuna nyasi. Akaniambia nikailete picha. Nikakimbia chumbani, nikaibandua ukutani na gundi yake, nikarudi. Hakuhitaji hata miwani. Gurudumu dogo lilikuwepo, nusu yake, nyuma ya ngazi. Kwa miezi saba nililala chini ya gurudumu lile na kuamka chini yake, nikidhani ni sanduku la mchanga.

Bado hamjasikia sehemu mbaya. Miezi miwili kabla ya hapo nilikuwa nimeamua modeli ya rafiki yangu, klasi 90 pia, bogi kutoka mzigo uleule wa binamu. Nilimpa 24. Pointi moja nilimkata kwa sababu ya honi. Fikirieni: injini haina magurudumu manne ya kutangulia, mawili mbele na mawili nyuma, mwamuzi ameinama na tochi anatafuta honi. Ilinibidi nipande boda hadi Namuwongo kumwambia. Alikuwa ameshaiweka kwenye kabati la kioo pamoja na cheti. Alinisikiliza, akamwambia mkewe aniongezee chai, na hakunisemesha mpaka Krismasi.

Yangu nilijaribu kuitengeneza. Nikaongeza ekseli, ngazi zikagonga. Nikasogeza ngazi, bogi ikakataa kugeuka kwenye kona zangu zilizobana. Nikakata fremu ipate nafasi, fremu ikapinda. Ipo hapa rafuni, imepinda hadi leo, na magurudumu mawili tu ya kutangulia, upande mmoja.

Sasa, hadithi hii nimewasimulia mara nyingi mno, na naona imezaa kosa jipya. Yule kijana wa Jumamosi aliniambia alipoondoka: "Mzee, niliweka nane kama ulivyofundisha." Wanangu! Nane ni za 90. Nane ni za 92, ile ya kiwanda cha Montreal, Kanada, ya 1971, nayo ni 1-Co-Co-1. Lakini 93 ya GE, Wakenya waliipokea baada ya Jumuiya kuvunjika, inasimama kwa sita zake bila aibu. Nilifundisha kuhesabu, sikufundisha jibu.

Na mkisikia 1Co-Co1 msikimbilie kununua klasi 40 ya Uingereza muipake rangi mpya. Kiwanda kimoja, mpangilio wa ekseli mmoja, lakini ile ni ya reli pana na modeli zake nyingi ni 1:76. Binamu si pacha.

3. Injini moja, siku moja. Muulizeni mjenzi: ni namba gani, na ni mwaka gani? Akijibu "ni 90 tu", hajaanza kazi. Rangi ya damu ya mzee ya EAR pamoja na namba ya klasi 87 inaweza kuwa sahihi au kosa kulingana na tarehe anayodai, na tarehe ni jukumu lake, si lenu. Baada ya 1977 mashine ziligawanywa nchi tatu, kila karakana ikaanza kuzitibu kwa dawa yake: mlango umehamishwa huku, taa imeongezwa kule. Mashine mbili zilizotoka kiwandani zikiwa pacha hukutana Malaba miaka ishirini baadaye hazifanani hata macho. Ndiyo maana picha ya mashine dada si ushahidi kamili. Ni fununu.

4. Dizeli ina kushoto na kulia. Milango na grili za upande mmoja si lazima ziwe za upande wa pili. Mwaka juzi kijana mmoja alituletea modeli ambayo pande zote mbili zilikuwa upande wa kulia. Alikuwa ameigeuza picha kwenye simu kama kioo. Nilimuuliza namba iliyokuwa kwenye picha aliisomaje kinyumenyume. Akasema aliifuta, ilikuwa inamsumbua.

5. Ya tano imenitoka. Enhe, feni. Panda juu ya paa uzihesabu. Wenzetu wa modeli za Kimarekani wanatofautisha injini za GP38-2 na GP40-2 kwa feni kubwa za radieta, ya kwanza mbili, ya pili tatu, na wewe unaweza kufanya hivyo umesimama bila kushika kitu.

6. Kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Kwenye 1:87, milimita moja ni milimita 87 za kweli. Kishikio cha nusu milimita ni bomba la mm 43.5, dereva angehitaji mikono ya gorila.

7. Uchafu. Hapa hasira zangu hupanda, nisameheni. Vumbi jekundu chini ya fremu linapendeza, mimi mwenyewe nalipenda, ukitazama treni inavyofika Tororo mchana wa Januari utaelewa. Lakini hilo lina safu yake kwenye rangi na maandishi, pointi 25 zake. Msilihamishie kwenye ulinganifu. Na mjue kwamba mjenzi mjanja hupaka tope pale ambapo hakujua kuna nini. Tope likiwa zito kuliko kawaida kwenye bogi, washeni tochi. Moshi nao uanzie kwenye ekzosti. Nimeshaona masizi mazuri sana juu ya paa la kebini, kana kwamba dereva anapika posho.

8. Mtu akiwaletea modeli bila picha ya mashine ya kweli, ulinganifu wake haupimiki, hata kama nyinyi mnaijua mashine ile kuliko yeye. Hasa kama mnaijua kuliko yeye. Mkianza kumjazia ushahidi kutoka vichwani mwenu, mtajikuta mnaamua kumbukumbu zenu. Mwambieni kwa upole, mpeni muda akatafute, jumba la makumbusho ya reli hapo Jinja si mbali, la Nairobi ni basi la usiku mmoja.

Modeli ya 93 itarudi mezani Jumamosi ijayo, nimeshazungumza na kijana, anajua kwa nini. Mama yake pia anajua, na alicheka. Mtaihesabu upya nyinyi wanne, kuanzia chini, na mimi nitakaa benchi lilelile. Picha zije zimechapwa kwenye karatasi. Mara ya mwisho simu tatu ziliisha chaji katikati ya uamuzi na umeme ulikuwa umekatika.