Samaki malaika: kabla ya kubadilisha chakula, yaangalie maji

Swali ninaloulizwa zaidi na wafugaji wa samaki malaika, wale wa mapambo wa tangini, ni chakula gani kitawafanya wakue haraka na kutaga. Nami huuliza kwanza: maji unayatoa wapi, na mara ya mwisho uliyabadilisha lini? Nimewafuga samaki hawa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na naamini kabisa kwamba samaki aliyedumaa au anayetaga mayai yasiyoanguliwa, mara nyingi tatizo lake liko kwenye maji.

Asili yao ni bonde la mto Amazon, Amerika Kusini, kwenye maji ya joto, yanayotembea taratibu, laini (yenye madini machache) na yenye asidi kidogo. Wako familia moja na sato wetu na wale samaki wa rangirangi wa Ziwa Tanganyika, lakini udugu huo usikupotoshe. Maji ya Tanganyika ni magumu, yaani yana madini mengi, na pH yake (kipimo cha asidi; chini ya 7 ni asidi) inapita 8. Malaika hustawi zaidi kati ya 6 na 7. Wanaouzwa madukani wamezaliwa kwenye matangi kizazi baada ya kizazi, kwa hiyo wataishi vizuri tu hata kwenye 7.5. Kuanguliwa kwa mayai ndiko kunakosumbua. Maji yakiwa magumu sana, mayai mengi hayarutubiki.

Hapa ndipo kisima kinapotutesa sisi wa pwani. Maji ya visima vingi ni magumu, na mengine yana chumvi unayoihisi mdomoni. Mimi huyachanganya na maji ya mvua niliyokinga masika, baada ya mvua za mwanzo kuosha vumbi la bati. Usitumie ya mvua matupu, kwa sababu hayana madini ya kuishikilia pH na inaweza kuporomoka ghafla. Anza na mchanganyiko wa nusu kwa nusu, pima, kisha wazoeshe samaki kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Wenye maji ya bomba wana kazi nyingine: kuondoa klorini kwanza, kwa dawa yake au kwa kuyapigia hewa kwenye ndoo siku nzima.

Jambo linaloua kimyakimya ni amonia. Samaki wenyewe huitoa kupitia matamvua, na nyingine hutokana na kinyesi chao na chakula kilichobaki. Bakteria wanaoishi kwenye filta huigeuza kuwa nitraiti (nitrite), ambayo nayo ni sumu, kisha nitreti (nitrate) ambayo haina sumu kali. Tangi jipya huchukua wiki nne hadi sita kujenga bakteria hao, kwa hiyo usijaze samaki siku ya kwanza. Amonia na nitraiti lazima zisome sifuri. Na pH ikiwa juu, joto nalo likiwa juu, amonia ileile huwa kali zaidi, kwa hiyo mwenye maji ya kisima hana nafasi ya uzembe. Sponji ya filta ioshe kwa maji uliyoyatoa tangini. Maji ya bomba yenye klorini yatawaua bakteria wako. Umeme ukikatika kwa saa nyingi bakteria hukosa oksijeni, kwa hiyo pampu ndogo ya hewa ya betri ni kitu cha lazima nyumbani.

Kwa ukuaji, nasisitiza nafasi na kubadilisha maji. Samaki huyu ni mrefu kwenda juu, hivyo tangi liwe na kimo cha sentimita 45 au zaidi. Wakubwa wabadilishie robo ya maji kila wiki. Vifaranga ni habari nyingine. Wanahitaji artemia (vijidudu vidogo mno vya maji ya chumvi) waliotoka kuanguliwa, mara kadhaa kwa siku, na chakula kingi kiasi hicho huchafua maji haraka, kwa hiyo badilisha kidogo kila siku na uwagawanye mapema wanapoanza kubanana. Kifaranga aliyekulia kwenye msongamano na maji machafu hudumaa, mapezi hupinda, na baadaye hata ukimlisha vipi harudi kuwa alivyopaswa kuwa.

Ukitaka jozi, nunua wadogo sita hivi uwaache wachaguane wenyewe. Wawili wakianza kulinda kona yao, wahamishie tangi lao, joto nyuzi 27 au 28, na uweke jani pana au kipande cha bomba la plastiki kilichosimama. Mara nyingi kubadilisha maji mengi kuliko kawaida, kwa maji laini zaidi, huwachochea kutaga. Mayai huanguliwa baada ya siku mbili au tatu, na vifaranga huanza kuogelea kama siku tano baadaye. Jozi changa zikila mayai ya mwanzo, zivumilie, na usizichunguliechungulie.

Mayai machache meupe, yaani yasiyorutubika, ni kawaida. Yakiwa meupe yote, kila mara, na maji umeyapima yako sawa, watazame wenyewe wakitaga. Chini ya tumbo huchomoza kimrija: cha dume ni chembamba na kimechongoka, cha jike ni kinene na butu. Majike wawili huweza kushikana na kutaga pamoja kama jozi halali. Ukiona vimrija viwili vinene, tafuta dume.