Mizani Haiulizi Kama Ulilala

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Malindi aliniandikia ujumbe mrefu. Amejiunga na programu ya kupunguza uzito, magauni yote yanampwaya, majirani wanamsifu, lakini usiku analia na hajui analilia nini. Akamaliza kwa kuniuliza: "Dada, au ni mimi tu nisiye na shukrani?"

Nilimjibu palepale kwamba si yeye. Jibu refu ni hili hapa, na nalitoa kwenu nyote kwa sababu tunajuana. Kila mmoja wetu anataka mwili mwepesi kabla ya Idi, kabla ya harusi ya fulani, kabla ya picha. Usinikatalie.

Mimi nimepita huko. Programu niliyoilipia ilikuwa ya kocha mmoja, mambo yote yakienda kwenye kundi la WhatsApp. Jina lake silitaji, mwenyewe anajijua. Masharti yalikuwa haya: wanga marufuku, nazi marufuku, kalori 1,200 kwa siku, na kila asubuhi upige picha mizani uliyosimama juu yake uitume kundini, watu wote waione. Sasa mwambie mtu wa Lamu asile nazi uone atabaki na nini. Mbaazi ni za nazi, wali ni wa nazi, samaki wa kupaka ni nazi, hata mchicha tunautilia tui. Nilibaki na mayai ya kuchemsha na matango, nikala mayai mpaka kuku wa mtaa wakawa wananikimbia.

Mwili ulipungua, na ulipungua vizuri. Lakini kuna jambo ambalo makocha hawalisemi kwa sababu haliingii kwenye picha. Kwetu chakula cha mchana ni sinia moja. Mnalizunguka, na mama anakusukumia mnofu wa nguru upande wako bila kusema neno. Mimi nikawa nakaa jikoni na kisahani changu. Siku za mwanzo waliniita. Baadaye wakazoea, na huko kuzoea kwao ndiko kulikoniuma. Vikao vya alasiri nikaviacha, maana kahawa haiji peke yake, inakuja na halua au kaimati. Mialiko ya harusi nikaitafutia visingizio. Shuleni ninakofundisha nikawa mkali kwa watoto wa watu kwa makosa madogo madogo. Usiku, badala ya kulala, nilikuwa natazama video za watu wanaokaanga mahamri. Bibi yangu, ambaye hana kawaida ya kuzunguka maneno, aliniangalia siku moja akasema: "Nguo zakupwaya, na uso nao wakupwaya."

Kisha ikaja wiki ambayo mizani ilipanda kidogo. Kila mwanamke anajua kuwa siku zake zikikaribia mwili hushika maji. Hilo si jambo la kuitiwa mkutano. Kocha aliniandika mbele ya kundi zima kwamba mimi ni mvivu, na kwamba sisi watu wa Pwani tunapenda kula kuliko kuishi. Ujumbe ule niliupiga picha ya skrini. Nimebadilisha simu tangu wakati huo, na picha nimeihamisha nayo. Atakayeniambia nisamehe, nitasamehe, lakini picha siifuti.

Nilipotoka kundini nilianza kusoma, maana ualimu umenifundisha kutokubali jambo kwa sababu tu limesemwa kwa sauti kubwa. Nikakutana na jaribio moja la Marekani lililonifanya niketi kitako. Mwaka 1944, mtafiti aitwaye Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwachukua vijana 36 wa kiume, wazima wa mwili na akili, waliojitolea wenyewe. Kwa takriban miezi sita aliwalisha chakula cha kalori kama 1,570 kwa siku na kuwatembeza kila wiki. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Lakini vilevile wakawa wakali, wakanyong'onyea, wakajitenga na wenzao, wakawa hawazungumzi ila chakula, wengine wakiramba sahani na kusoma vitabu vya mapishi kama riwaya. Na jaribio lile liliitwa la njaa. Jina lake ni hilo, njaa! Mimi nilikuwa nalipa pesa nipewe kalori 1,200. Ni kweli wale walikuwa wanaume na mahitaji yao ni makubwa kuliko yangu, lakini nilipowasoma vijana wale wasiozungumza ila chakula nilijiona mwenyewe na video zangu za mahamri.

Kwa hiyo, dada wa Malindi, machozi yako huenda si ukosefu wa shukrani. Huenda una njaa, na uko peke yako.

Tuje kwenye kilichoniinua. Wifi yangu aliambiwa kliniki kuwa presha yake imepanda na lazima atembee, naye hakutaka kutembea peke yake. Tukawa tunatoka baada ya Alfajiri, mji bado una baridi, tunashika njia ya ufuoni kwenda kijiji cha Shela. Wiki za mwanzo sina la kuwasimulia, tulichoka tukarudi. Wazee wa barazani walituuliza mwafukuzwa na nani. Watu hudhani Lamu hatuhitaji mazoezi kwa sababu vichochoro vyetu havipitishi gari, lakini mtu anaweza kuishi mtaa wa Mkomani mwaka mzima asivuke mwendo wa kutoka nyumbani hadi dukani.

Usingizi ndio uliorudi kwanza, kabla ya mwili kubadilika popote. Halafu hasira ikapungua. Nikarudi kwenye sinia, nikila wali kiasi na samaki na mboga nyingi zaidi. Njiani wifi alikuwa akinieleza mambo ya nyumba yake ambayo miaka yote hakuwahi kunieleza, nami nikamweleza yangu. Harusi ya juzi nilisimama kwenye vugo, ngoma yetu wanawake ya harusi, tangu mwanzo mpaka mwisho, nikaimba, na sikutafuta kiti. Nasema kwa kujivuna, na nina haki ya kujivuna.

Wapo watakaosema hizo ni hadithi za wanawake wawili wa kisiwani. Basi sikilizeni. Mwaka 1999 James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke walitangaza matokeo ya watu 156 wenye umri wa miaka 50 na zaidi waliokuwa na sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Baadhi walipewa dawa, baadhi walifanya mazoezi kwa makundi mara tatu kwa wiki, wengine vyote viwili. Baada ya wiki 16 hali zao zilikuwa zimekaribiana, ingawa dawa ilianza kufanya kazi mapema zaidi. Na mwaka 2017 Australia, Felice Jacka na wenzake walitoa matokeo ya watu 67 wenye sonona: nusu walisaidiwa kubadilisha chakula, wale mboga, matunda, nafaka isiyokobolewa, kunde, samaki na mafuta ya zeituni. Nusu nyingine walipata mtu wa kukutana na kuzungumza nao tu. Baada ya wiki 12 karibu theluthi ya kundi la chakula walikuwa wametoka kwenye sonona, dhidi ya asilimia 8 ya kundi la mazungumzo.

Hapo najua mwenye akili ataniuliza: si unatuambia dawa ni kuwa na watu, mbona kundi la mazungumzo liliachwa nyuma? Naam, lakini sikusema watu peke yao. Chakula kina kazi yake. Ila angalieni, wale wa Australia hawakuwekewa kalori za kuhesabu wala hawakuambiwa wapungue. Waliambiwa wale vizuri, washibe. Samaki tunao, mbaazi na kunde tunazo, maembe yakiingia msimu tunayamwaga. Nazi haimo kwenye chakula chao, siwadanganyi, kwa hiyo mimi nimepunguza tui zito. Kupunguza, sio kuharamisha.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mjini hadi Shela ni kama kilomita tatu, tuseme dakika 40. Nenda mara nne, hata ukirudi kwa boti, umefika na chenji juu. Wa Malindi mna ufuo wa kutoka Buntwani kushuka mpaka Silversands, mnasubiri nini? Tembea. Tembea na mtu. Kula na watu. Lala. Halafu tembea tena. Sina siri nyingine, na anayekuuzia siri nyingine muulize kwanza yeye analala saa ngapi.

Shirika hilohilo lina dodoso la maswali 26 la kupima ubora wa maisha. Linauliza unalala vipi, una nguvu za kutosha, unafurahia maisha, marafiki wanakusaidia. Kuhusu mwili linauliza kama unakubali unavyoonekana. Kilo hazimo. Basi wewe unayejipima kila asubuhi kabla hujamsalimia mumeo, kabla hujapiga mswaki, nani alikufundisha hivyo? Tunawafundisha nini mabinti zetu wanaotuona tukipanda kile kidude tukishuka na uso umekunjamana? Toka kwenye hilo kundi, dada yangu. Usiage.

Jambo moja silifanyii mzaha. Kama huzuni imekaa wiki kadhaa, huinuki kitandani, au unawaza kujidhuru, nenda hospitali leo, na mwambie mtu wa nyumbani akusindikize. Aliye kwenye dawa za sonona, sukari au presha asiziache kwa sababu ameanza kutembea. Azungumze na daktari wake kwanza. Wifi bado anameza zake.

Wengi mmeuliza habari za Ramadhani. Sisi hutembea baada ya tarawehe, polepole, na maji tunakunywa mengi kabla ya kulala.

Wanawake mlioko Amu, yaani Lamu mjini, tunakutana uwanja wa Mkunguni mara watu wakitoka msikitini Alfajiri, kila siku isipokuwa Ijumaa. Siku za bamvua maji yakijaa tunapita njia ya juu. Raba si lazima, makubadhi yasiyoteleza yanatosha. Ila msichelewe, wifi hangoji mtu.