Kinywe, maji na blenda: kuandaa grafini ya majaribio ya seli

SWALI: Ninasoma shahada ya uzamili hapa Arusha na ninataka kutengeneza grafini, yaani matabaka membamba mno ya kaboni, ya majaribio ya seli kutokana na kinywe (grafiti) cha Mirerani. Kiyeyushi cha NMP kinachotajwa mara nyingi kwa kutenganisha matabaka hayo ni sumu, tena ni ghali. Je, blenda na maji vinatosha?

JIBU: Maji matupu hayatoshi, lakini maji yenye protini yanatosha. Mwaka 2014 kundi la Jonathan Coleman wa Chuo cha Trinity, Dublin, lilionyesha kwamba matabaka ya kinywe, ambayo yametengana kwa nanomita 0.335 tu, huanza kuteleza na kuachana pale kasi ya mkato, yaani tofauti ya mwendo kati ya sehemu za kimiminika zinazopakana, inapozidi takriban 10,000 kwa sekunde, na blenda ya jikoni huifikia kasi hiyo. Wao walitumia sabuni ya vyombo. Wewe usiitumie, kwa sababu sabuni hubomoa utando wa seli, na masalia yake yatakufanya uilaumu grafini bure.

Tumia albumini ya damu ya ng'ombe. Protini hiyo hujishikiza juu ya matabaka na, katika pH 7 hivi, huyapa chaji hasi inayoyafanya yasukumane badala ya kushikana tena. Usikaribie pH 4.7, kwa kuwa hapo chaji ya albumini hubaki sufuri na vipande hukusanyana na kutuama. Jaza jagi karibu na mdomo ili hewa isigeuke povu, na uipumzishe mashine mara kwa mara, maana joto huharibu albumini. Utapata vipande vya matabaka machache, si tabaka moja moja, na kwa kazi yako hilo si kasoro. Kinu cha mipira ya chuma sikushauri: huvunjavunja vipande na kuacha chembe za chuma ndani yake.

Baada ya hapo zungusha kwa sentrifuji, kwanza polepole ili vipande vinene vizame, kisha kwa kasi ili grafini yenyewe izame na umwage protini iliyobaki.

Lililo zito zaidi ni kwamba njia isiyo na sumu haithibitishi kuwa zao lake ni salama kwa mwili. Miamba ya Mirerani ina metali ya vanadi, ileile inayoipa tanzanaiti rangi yake, kwa hiyo safisha kinywe na upime metali kabla ya kuanza, na vumbi lake kavu usilivute. Pima pia endotoksini, yaani sumu itokayo kwenye kuta za bakteria. Kila jaribio liwe na sampuli ya kulinganishia, yaani maji ya mwisho ya kusuuzia yasiyo na grafini. Tena usitegemee peke yake kipimo cha MTT, ambacho huonyesha kwa rangi kama seli ziko hai: grafini inaweza kuibadili rangi ya kipimo hicho hata pasipo seli hai, ukadhani seli zimestawi ilhali zimekufa.