Kiwanja kipo uchochoroni, kitatosha kweli?

SWALI: Habari kaka, mimi ni mama wa watoto wawili nipo Manzese. Marehemu baba katuachia kipande nyuma ya nyumba yake, mita 4.5 kwa 14, huku na huku kuta za majirani na njia ni uchochoro tu, bajaji yenyewe haipiti. Fundi kanichorea vyumba vitatu mstari mmoja na korido pembeni. Nimpe kazi?

JIBU: Pole na msiba dada. Usimpe kwanza. Piga hesabu: toa kuta mbili za tofali la inchi 6, toa korido ya mita 1 na ukuta wake, chumba kinabaki kama mita 3 tu, tena giza, maana ukitoboa dirisha upande wa jirani siku akipandisha ukuta, wewe umeisha.

Mimi nyumba ningeikata vipande viwili, mbele na nyuma, katikati naacha mita kama 4 wazi bila bati, yaani uani kama nyumba zetu za zamani, milango na madirisha yote yanatazama humo. Kule Osaka, Japani, msanifu majengo Tadao Ando alijenga nyumba hivyo 1976 kwenye upana wa mita 3.3 tu, nje zege tupu hakuna dirisha, mwanga wote unashukia katikati. Watu walimlalamikia eti ukitaka choo usiku wa mvua unavuka na mwamvuli, sasa sisi tuliokulia nyumba za uani hilo ndo litutishe? Ila wewe weka kibaraza cha bati pembeni, watoto wasilowe.

Chumba cha tatu kiende juu baadaye, kwa hiyo msingi na nguzo za kubeba ghorofa vipigiwe hesabu na injinia sasa hivi. Na huo msingi msichimbe mtaro mzima siku moja kando ya ukuta wa jirani, chimbeni kipande mjaze ndo muende kingine, na mvua za masika zipite kwanza. Maji ya paa yaelekee uani kwako, gata mpaka kwenye tenki. Shimo la choo likae upande wa uchochoro ili mpira wa gari la maji taka ufike.

Gharama itakayokushtua ni kubeba. Lori linamwaga mchanga barabarani, kutoka hapo ni toroli na vibarua, na mchanga ukilala nje, asubuhi umepungua, wenyewe mnajua. Tofali fyatulia hapohapo uani.