Maswali ya Wasomaji: Je, gari langu linahitaji sampo gadi?

SWALI: Nina Subaru Forester ya 2013. Naishi Iringa mjini, na kila wikendi nakwenda shamba huko Kilolo. Njia ni ya vumbi, ina mawe, na mvua ikinyesha inachimbika makorongo. Nasikia gari likigonga chini mara kwa mara. Fundi mmoja ananiambia nifunge sampo gadi, yaani bati la chuma la kukinga sampo (bakuli la oili lililo chini ya injini), mwingine anasema kava lililokuja na gari linatosha. Nimsikilize nani?
Msomaji, Iringa

JIBU: Kwanza jua kinachogongwa ni nini. Kava la plastiki lililoko chini ya injini kazi yake ni kupitisha upepo vizuri, kuzuia tope na kupunguza kelele. Kokoto litaizuia, lakini jiwe lililojikita ardhini litalipasua na kuendelea na safari.

Ingiza gari kwenye shimo la gereji, fungua kava, safisha, kisha paka rangi nyeupe ya bei rahisi kwenye sampo, kwenye fremu ya mbele inayobeba injini na kwenye difu ya nyuma (sanduku la gia lililo kati ya magurudumu ya nyuma). Eksozi usiipake, rangi itaungua; yenyewe hujionyesha kwa mibonyeo na mikwaruzo inayong'aa. Rudisha kava, nenda shamba kama kawaida kwa wikendi tatu au nne, kisha rudi shimoni. Kava likiwa limepasuka, au rangi ikiwa imekwanguka kwenye sampo au fremu ya mbele, funga bati. Ikiwa imekwanguka kwenye difu peke yake, au eksozi ndiyo iliyobonyea katikati ya gari, bati la mbele halitakusaidia kitu.

Pima pia kimo. Gari lako likiwa jipya lina takriban milimita 220 kutoka ardhini. Lipakie mzigo wa kawaida, watu na magunia, lisimamishe kwenye sakafu iliyonyooka, upime hadi sehemu iliyo chini kuliko zote. Ukikuta limeshuka sana, anza na springi na shokapu. Wengi hukimbilia tairi, lakini kutoka 225/60R17 kwenda 225/65R17 kunainua gari milimita 11 tu.

Kuhusu sampo, wengi wanaogopa isipasuke. Ikipasuka angalau utaona oili chini. Kinachoua injini kimyakimya ni kubonyea. Ndani ya sampo kuna bomba la kunyonyea oili lenye chujio la waya, nalo hukaa milimita chache tu juu ya sakafu ya sampo. Jiwe likiisukuma sampo juu, chujio linazibwa. Gari litatembea vizuri kwa mwendo mdogo, halafu ukipandisha mlima presha ya oili inashuka na beringi za kranki zinaungua. Taa nyekundu ya oili ikiwaka baada ya kugonga jiwe, zima injini hapohapo ulipo. Habari ya "nitakwenda polepole mpaka gereji" ndiyo inayoleta bili ya injini nzima.

Kwa njia yako tunashauri chuma cha milimita 3. Kipande cha sentimita 80 kwa 60 kina uzito wa kilo 11 hivi. Alumini ya milimita 5 ya ukubwa huohuo ni kilo 6 na nusu, ila ni laini: jiwe huing'ata, wakati chuma huteleza, na kikipinda fundi yeyote wa bati atakigonga kikanyooka.

Ufungaji ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Bati lishikwe kwenye fremu, si kwenye sampo, si kwenye giaboksi, wala si kwenye kishikio cha radieta. Boliti ziwe nne au zaidi, za M8 au M10 (unene wa milimita 8 au 10), zenye alama ya uimara 8.8 kichwani. Acha nafasi ya sentimita 2 hadi 3 kati ya bati na sampo, la sivyo bati likipinda kidogo linapeleka kishindo chote palepale ulipotaka kupalinda. Ukingo wa mbele ukunjwe kuelekea juu ili uteleze juu ya jiwe badala ya kulichota. Usikubali lichomelewe, litahitaji kufunguliwa.

Forester yako ikiwa na injini mpya zaidi ya Subaru, aina ya FB, filta ya oili iko juu, hivyo toboa tundu moja la boliti ya kumwagia oili, upana wa sentimita 6 hadi 8. Injini za zamani za EJ zina filta chini, kwa hiyo matundu mawili. Weka na matundu ya hewa. Halafu kuna hili la Subaru: mabomba ya eksozi yanapita chini ya injini pande zote mbili, kwa hiyo bati likatwe liwe mbali nayo. Wakati wa kiangazi nyasi kavu hukusanyika juu ya bati na zikigusa eksozi yenye moto zinawaka. Zitoe kila ukitoka shamba. Boliti zikazwe tena baada ya kilomita 500.

SWALI: X-Trail yangu ina bati la alumini. Boliti zimekwama na zimezungukwa na unga mweupe. Tatizo ni nini?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ni chumvi ya hewa ya bahari. Alumini na chuma vikigusana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayolika. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu, acha usiku kucha, kisha fungua taratibu. Ukifunga tena weka boliti mpya, washa za plastiki kati ya boliti na bati, na grisi. Kila mwaka zifungue mara moja hata kama huna kazi chini ya gari.

SWALI: Harrier yangu inatembea lami tu, Dodoma mjini, lakini inagusa matuta. Nifunge bati?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Hapana. Bati litakupunguzia sentimita 3 hivi za kimo na matuta utayagusa zaidi. Kagua springi. Kama kava la plastiki limeng'oka, nunua jingine na vibanio vyake vyote, maana kava linaloning'inia upande mmoja hunasa kwenye tuta la kwanza.