Mjue mtendaji wako kabla gonjwa halijaingia

Jumanne ile ya tarehe 17 Machi 2020 nilikuwa barazani kwangu Ujiji, Kigoma, nashona, redio ya jirani iko juu. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kwamba shule zote, kuanzia za awali hadi kidato cha sita, zinafungwa kwa siku 30. Siku moja kabla, Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alikuwa ametangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini, kule Arusha. Nikaacha kukanyaga cherehani. Nilikuwa na watoto watatu wa shule, mama yangu mzazi wa miaka 72 mwenye kisukari, na swali moja lililonikaba: nimwulize nani?

Mtaa ule nilikuwa nimeukaa miaka tisa. Ofisi ya mtaa niliingia mara moja tu, kufuata barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti benki. Mtendaji, msimamizi wa ofisi ile, simjui jina. Mwenyekiti namwona misibani. Nikihesabu marafiki zangu, wengi walikuwa hivyo hivyo, na nina hakika wapo wengi wanaosoma hapa ambao bado wako hivyo. Ndiyo maana naandika.

Sisi watu wa Kigoma hatuna haki ya kusahau. Mei 2015, ndugu zetu wa Burundi walipokimbia machafuko, maelfu kwa maelfu walijazana Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya milima na ziwa. Kipindupindu kikaingia. Watu kama 30 wakafa ndani ya wiki chache. Meli ya MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta mjini, wakapokelewa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawapeleka kambi ya Nyarugusu kule Kasulu. Mwaka ule kila mtu mjini alinawa mikono. Ndoo za koki zilikuwa kila mlango wa hoteli na kila mlango wa msikiti. Miaka mitano baadaye, Korona inaingia, ndoo zile nyingi zilikuwa zimegeuzwa za kuhifadhia unga.

Sasa nieleze hali ilivyokuwa. Nchi yetu haikufungia watu ndani kama walivyofanya wenzetu wa Rwanda. Shule na vyuo vilifungwa, mikusanyiko ikazuiwa, lakini soko la Mwanga liliendelea na daladala ziliendelea. Kilichotuumiza sisi wa huku ni ziwa. Congo walipofunga mipaka yao kwa abiria mwishoni mwa Machi, mwalo wa Kibirizi ukapoa. Wateja wangu wa kutoka ng'ambo, walioniletea vitenge niwashonee na kuondoka na mizigo, wakakatika ndani ya wiki moja. Kwa hiyo hata bila amri ya kukaa ndani, kwa mfuko wangu mimi nilikuwa nimefungiwa.

Baada ya hapo nikavaa nikaenda ofisi ya mtaa. Nilimkuta mtendaji, mama wa makamo, ana daftari kubwa mbele yake. Nikamsalimu, nikamweleza: nina mgonjwa wa kisukari nyumbani, watoto wamerudi, kazi imesimama, nifanye nini? Akafungua daftari, akatafuta. Akanyanyua macho.

"Dada yangu, mbona kaya yako hapa haimo?"

Haikuwemo. Daftari la wakazi liliandikwa upya miaka miwili nyuma, mtu alipita nyumba kwa nyumba, siku hiyo mimi nilikuwa sokoni na mama akadhani ni watu wa madeni, hakufungua. Nilichojifunza pale mezani ndicho ninachokisisitiza kuliko vyote: msaada wowote unaopita serikali ya mtaa unaanzia kwenye daftari lile. Ndoo za kunawia, orodha ya wazee, wanaopendekezwa kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, wote wanatoka mle. Usipoandikwa, hupo. Na mtu hawezi kuandikwa vizuri siku ya dharura, kwa sababu siku hiyo kila mtu yuko mlangoni.

Swali lake la pili lilikuwa la mama. "Ana kitambulisho cha mzee?" Sikuwa hata na habari kwamba kipo. Mtu akifika miaka 60 na hana uwezo, sera yetu ya wazee inasema atibiwe bure kwenye vituo vya serikali, na halmashauri hutoa kitambulisho cha kuonyesha dirishani. Mama alikuwa analipia kliniki yake miaka 12! Mtendaji akaniandikia barua, nikapeleka picha na nakala ya kitambulisho cha taifa. Sitaficha kwamba ofisi moja niliyoelekezwa ilinizungusha siku nne, leo afisa hayupo, kesho fomu zimekwisha, na wakati huo tunaambiwa wazee wasipelekwe kwenye mikusanyiko. Nilikaa kwenye foleni ndefu nikimwazia mama. Kitambulisho kilitoka, lakini kingeweza kutoka mwaka 2018 bila jasho. Kama una mzazi aliyefikisha umri, anza wiki hii.

Kuhusu matangazo. Wiki zile simu zilijaa sauti za watu wasiojitambulisha: mara kunywa chai ya rangi usiku wa manane, mara daktari fulani amesema kadha wa kadha. Mimi nilijiwekea utaratibu na bado naufuata. Tangazo la kweli lina mtoaji: limesainiwa, lina mhuri, limebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, au limesomwa na gari la matangazo, na mtendaji analijua. Likinifikia kwa simu tu, sifanyi kitu wala simtumii mtu mpaka nimeuliza. Namba ya Wizara ya Afya ni 199, haikati salio. Nilipiga mara mbili kuuliza habari za mama na kisukari chake, nikapokelewa na mtu mwenye subira, akanieleza nisimkatishe dawa na nimpunguzie wageni.

Na nyungu, ile ya kujifukiza, kwa kuwa najua mtaniuliza. Tulipiga, kama kila mtu. Mvuke unafungua pua na mtu anajisikia mwepesi, lakini sitaki tena kuona sufuria inayochemka na mtoto chini ya blanketi moja. Na haukuwa badala ya kwenda zahanati.

Sabuni nayo ina maneno yake. Mwanzoni nilikimbilia duka moja mjini nikanunua chupa mbili za kitakasa mikono kwa bei ya kuchinja. Baada ya siku chache nikagundua ni maji yaliyotiwa manukato, ukijipaka hayakauki. Kitakasa cha kweli kina spiriti isiyopungua asilimia 60, kinapoza mkono na kukauka mara moja. Nilitupa hela zile nikarudi kwenye sabuni ya mawese, ile ya mche inayopikwa hapa hapa kwetu. Afisa afya wa kata alitueleza vizuri: kirusi kile kimevikwa utando wa mafuta, na kazi ya sabuni ni kuvunja mafuta. Sabuni yoyote inafanya kazi hiyo, mradi usugue sekunde 20. Basi, utajiri tulikuwa nao jikoni.

Huyo huyo afisa afya ndiye aliyetukumbusha kibuyu chirizi, akakitengeneza mbele yetu. Nakieleza kwa sababu hakigharimu kitu. Tafuta kidumu cha lita tano. Pasha msumari moto, toboa tundu dogo upande wa mbele, karibu na mdomo, siyo chini. Pitisha kijiti kwenye mshikio na ukilaze juu ya miti miwili yenye panda uliyoichimbia. Funga kamba shingoni mwa kidumu, mwisho wa kamba funga kijiti kingine kinachogusa ardhi. Ukikanyaga kile cha chini, kidumu kinainama, maji yanachirizika. Hugusi koki, na hapo ndipo penye faida yake, maana koki ya ndoo inashikwa na mkono mchafu kabla na mkono safi baada. Sabuni itoboe katikati uining'inize pembeni, la sivyo kuku na watoto wataiondoa. Chini mwaga kokoto pasiwe na tope. Changu kilisimama nje ya mlango wa choo miaka miwili.

Kikundi chetu cha vikoba kina wanachama 24, na sanduku lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Tulikuwa tunakutana kila Jumamosi, tumebanana kwenye sebule ya mtu. Mikusanyiko ilipozuiwa baadhi walisema tuvunje, kila mtu achukue chake. Nilikuwa katibu, nikakataa kwa nguvu zangu zote, na nashukuru Mungu walinisikia. Tulihamia chini ya mwembe. Walikuja watu sita kwa zamu: washika funguo watatu, mweka hazina, mimi, na mmoja mwenye dharura, wengine walitoa hisa zao kwa simu na mimi nikaandika kila kitu kwenye vitabu vyao. Marejesho ya mikopo tukayasimamisha miezi miwili bila faini. Mfuko wa jamii, ule mdogo tunaouchangia kwa ajili ya misiba na wagonjwa, tukautumia kununua sabuni na unga kwa kaya tano tulizozijua, mbili kati yake za wajane wasio wanachama. Tulipomweleza mtendaji tunachofanya, akatupa majina mengine matatu kutoka kwenye daftari. Hivyo ndivyo kikundi na ofisi vinavyofaana: sisi tulikuwa na unga, yeye ana orodha.

Vitenge vilivyobaki nikashonea barakoa, tabaka mbili za pamba, shilingi 1,000. Hakikuwa kipato cha kutajirisha mtu, kilitosha dagaa na mboga.

Sehemu inayoniuma ni watoto. Zile siku 30 ziliongezwa. Kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, wengine wote tarehe 29 Juni. Hiyo ni zaidi ya miezi mitatu. Vipindi vya masomo vilikuwepo redioni na kwenye televisheni, na mwalimu mmoja jirani aliwapa wangu mazoezi ya hesabu kila Jumatatu, niliyafuata mwenyewe mlangoni. Lakini watoto wa kike wakubwa wa mtaa wetu walikuwa wanatumwa mwaloni na sokoni kutwa, na nyumba nyingine hakuna mtu mzima mchana. Kulikuwa na binti mmoja wa kidato cha pili, jirani kabisa, niliyeona amebadilika. Nilisita kuingilia nyumba ya watu. Wiki tatu nilisita. Nikaja kumweleza mtendaji, akamhusisha afisa ustawi wa jamii, na binti alisaidiwa, ila wiki zile tatu sijazisamehe. Ukiona mtoto hayuko salama, namba 116 ni ya simu ya watoto, ni bure, na polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Huhitaji ushahidi wa kupeleka mahakamani. Unasema ulichokiona, wao wanafuatilia.

Jambo moja kuhusu wasafiri. Aprili ile mdogo wangu alikuja na basi kutoka Dar es Salaam. Majirani wakaanza kunong'ona, mmoja akataka asiingie mtaani. Sikugombana. Nilikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti kabla ya usiku kuingia, nikamwambia mgeni amefika, hana dalili, atakaa chumba cha uani siku 14, atakula kwa sahani yake, na mhudumu wa afya wa jamii apite amwone. Mwenyekiti akapita kwa majirani watatu wenye maneno akawaeleza. Manong'ono yakaisha jioni ile ile. Nadhani watu walichoogopa zaidi ni kufichwa. Mama alizungumza na mwanawe kwa siku zote hizo kupitia dirishani, yeye amekaa kwenye mkeka uani, kila jioni baada ya Alasiri.

Sisi tuko mpakani na ziwa halina ukuta. Ugonjwa wa mpox ulisambaa Congo na Burundi mwaka 2024, na Machi 2025 wizara yetu ikatangaza wagonjwa wa kwanza hapa nchini. Mwezi Januari mwaka huo huo homa ya Marburg ilikuwa imerudi Kagera, jirani zetu. Na wenyeviti wa mitaa walichaguliwa tarehe 27 Novemba 2024. Huenda uliyemjua wewe siye tena.

Basi ukienda ofisi ya mtaa, nenda asubuhi siku ya kazi. Beba nakala ya kitambulisho cha taifa, picha ndogo mbili za kila mzee wa nyumbani kwako, na kalamu. Omba uonyeshwe mstari wa kaya yako kwenye daftari, usome majina yote kwa macho yako, hata ya watoto waliozaliwa juzi. Kabla hujaondoka, muulize mtendaji nyumba anayoishi mhudumu wa afya wa jamii wa mtaa wako, upite ukamsalimie ukiwa unarudi.